Je, Tumbo Husafishwa kwa Siku Saba?

Ndugu msomaji, imeenea siku hizi desturi ya kujizuilia vyakula kwa muda maalumu, siku saba au kumi, mtu asile illa matunda na mboga, kwa nia ya kuusafisha mwili na kuanza ulaji mpya. Mimi mwandishi wa maneno haya nimeijaribu hapa Kiptere, na ningependa tuulizane: je, jambo hili ni tabia njema, au ni kivuli cha tabia njema tu?

Sababu yangu ilikuwa sukari. Sisi ni watu wa nchi ya majani ya chai, na kikombe hakitupungukii. Nilikuwa nikitia vijiko 4 katika kila kikombe, na vikombe 3 kwa siku. Hivyo ni vijiko 12, kiasi cha gramu 48. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilieleza kuwa ni bora mtu mzima asipite kiasi cha gramu 25 kwa siku. Basi jani la chai halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mkono ulioshika kijiko.

Nikaacha chai, sukari, ugali na nyama. Nikala ndizi, papai, mnavu na mgagani, mboga ambazo sokoni huitwa managu na saga. Siku ya pili kichwa kikaniuma sana. Nilidhani ni uchafu unaotoka. Kumbe mwili uliozoea kafeini ya chai huumwa ukiikosa ghafula. Siku ya tatu mke wangu, kwa mazoea yake, akaniletea kikombe chenye sukari. Nikamkemea mbele ya watoto kwa maneno nisiyopenda kuyaandika hapa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: "Baba watoto, tangu Jumatatu napika vyungu viwili, chako na chetu. Kuni ni zile zile, na mikono ni hii hii."

Maneno hayo yalinishinda. Nilikuwa nimeisafisha sahani nikauacha ulimi. Na wema wangu nilikuwa nimeutwika mgongo wa mwenzangu. Nilimwomba msamaha mbele ya watoto wale wale. Tangu hapo naona kuwa kila atakaye kujizuia yampasa ajiulize kwanza: ni nani atakayeubeba mzigo wa kujizuia kwangu?

Amma habari ya kusafisha, mwili una wasafishaji wake. Ini na figo hufanya kazi hiyo usiku na mchana, wala haziingoji wiki ya papai. Na siku ya nane ilipofika, nilikula nyama na chapati kama mtu anayedai deni lake. Zile siku saba zikamezwa kwa mlo mmoja.

Huenda mtu akasema: mbona saumu nayo ina mwisho wake? Kweli, walakini saumu ni ibada, si dawa ya tumbo. Na hata katika Ramadhani, mwenye kulipiza usiku yale aliyoyaacha mchana ameyakosa mafunzo yake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Ihya alinasihi kuwa chakula kipunguzwe kidogo kidogo, si kwa mara moja. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kuwa amali ipendezayo zaidi ni ile idumuyo, hata ikiwa ndogo.

Je, siku zile hazikuwa na faida kabisa? Zilikuwa nayo. Zilinionyesha ni tamaa ipi inayonitawala. Lakini kioo humwonyesha mtu taka ya usoni, hakimnawishi.

Sasa nyumbani kwetu chungu ni kimoja. Sukari tumeipunguza kijiko kwa kijiko, mpaka kimebaki kimoja. Mboga za majani zipo kila siku, na ugali wa wimbi umerudi. Mursik ya kibuyuni hatukuiacha, kwani mtu hana ruhusa ya kujiharimishia halali ili aonekane mwema. Na mwenye kutumia dawa za kisukari asijizuilie chakula kabla ya kumwuliza tabibu, kwani sukari ya damu yaweza kushuka ikamdhuru.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Basi na tujue kuwa haba na haba pia hukipunguza. Anayetaka ulaji mwema asianze kwa kuhesabu siku zilizobaki. Na aanze kwa kitu kidogo atakachoweza kukifanya kesho, na kesho kutwa, bila ya kumwudhi wala kumchosha mtu wa nyumbani mwake. Mwenyezi Mungu atuwezeshe.