Mshangao wa Mtoto

Neno kushangaa lina sura mbili katika Kiswahili. Kwa sura moja ni heshima: mtu hushangaa mbele ya jambo lililo kubwa kuliko akili yake. Kwa sura ya pili ni lawama: mtoto aliyetumwa dukani, akasimama njiani kutazama msafara wa siafu, huambiwa, "Unashangaa nini?" Kwa umbo maneno hayo ni swali, kwa desturi ni karipio, wala hapana angojaye jibu lake. Yafaa kupima kama desturi hiyo ni ya haki.

Na uchukuliwe mfano wa Kidete, wilayani Kilosa, ambako Reli ya Kati na mto Mkondoa hufuatana katika bonde lililobanwa na milima. Mama ashuka mtoni asubuhi ya jua na mwanawe wa miaka mitano. Shamba liko ng'ambo na magugu yanangoja jembe. Mtoto asimama ghafla. Maji ambayo jana yalikuwa haba, leo ni mapana na mekundu, na juu yake yaelea matawi mabichi. "Mama, huku mvua haikunyesha. Maji haya yametoka wapi?"

Mama mwenye haraka aweza kusema, "Ni maji tu, twende." Jibu hilo si uongo, lakini ni ufukara, tena ni hatari. Mkondoa hupokea maji ya Kinyasungwe, yatokayo pande za Dodoma na Mpwapwa. Mvua ya huko huweza kuujaza mto hali mbingu ya Kidete ni nyeupe. Kwa kushangaa, mtoto ameona dalili ambayo mkubwa, kwa mazoea, alikuwa karibu kuikanyaga.

Wako watakaosema kwamba mshangao ni mtoto wa ujinga, na kwamba ajuaye hashangai. Wengine watakumbusha mafuriko ya Kilosa ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, yaliyowaacha maelfu bila makazi na kuiharibu reli, wauulize ulimwengu: je, mto kama huo si wa kuogopwa kuliko kustaajabiwa?

Hoja ya kwanza yajibiwa na mtoto mwenyewe. Mama akimwambia, "Ni mvua ya Mpwapwa, mwanangu," hanyamazi. Huuliza Mpwapwa ni wapi, na kama watu wa huko wajua kuwa udongo wao unapita hapa. Elimu haikuuzima mshangao wake, bali imeupa njia ndefu zaidi. Ndiyo maana Plato na Aristotle wa Uyunani walisema kuwa falsafa huanzia katika kustaajabu.

Hoja ya pili ina ukweli, maana mshangao bila hadhari huponza miguu. Lakini hofu peke yake hufundisha kukimbia tu, haifundishi kutazama. Aliyezoea kuutazama mto huitambua rangi yake ikibadilika, naye hupata muda wa kurudi nyuma na kuwaita wenziwe.

Wajibu wa mzazi, basi, si mzito. Hatakiwi kuwa mwanachuoni, wala kuacha shamba lake. Atakiwa kumshika mtoto mkono mbali na ukingo, kisha amwulize kama mtu angojaye kujibiwa: "Unashangaa nini, mwanangu?"