Aliyefunika Kisima

Tuchukue mfano wa watu wawili wa kijiji kimoja. Wa kwanza alisikia kilio, akakimbia, akajitosa kisimani na kumtoa mtoto aliyekuwa anazama. Kijiji kizima kilimbeba juu juu, akachinjiwa mbuzi, na mpaka leo akipita njiani watoto huambiwa: "Yule ndiye." Wa pili, mwaka mmoja kabla ya hapo, alikwenda kwenye kisima kingine akakifunika kwa mbao na misumari aliyoinunua mwenyewe. Katika kisima hicho hakuzama mtoto yeyote. Hakuna aliyemshukuru. Tena wapo walionung'unika kwamba mfuniko wake ni mzito kuufunua alfajiri.

Ndugu msomaji, swali langu ni hili: kati ya hao wawili, ni yupi aliyetenda wema mkubwa zaidi? Na kama tunapata taabu kujibu, taabu hiyo inatoka wapi?

Swali hili si la kuchezea maneno. Limo kila siku katika kazi ya maabara za afya ya jamii. Maabara ya hospitali sote tunaijua: unatoa damu, unangoja kwenye benchi, unapewa cheti, unarudi kwa daktari. Maabara hiyo humtumikia mgonjwa. Maabara ya afya ya jamii huwatumikia watu ambao bado hawajaugua. Hupima maji ya visima na ya mabomba, choo cha mtu wa kwanza aliyeharisha, damu ya mtu aliyefariki kwa homa isiyoeleweka, ili ijulikane kama kilichompata huyo kitawapata na wengine. Anayehudumiwa hayupo pale kwenye benchi. Yuko shambani analima, wala hana habari kwamba anahudumiwa.

Mwaka 1997 kipindupindu kiliishambulia vibaya nchi yetu ya Tanzania. Wagonjwa walizidi 40,000 na waliofariki walizidi 2,000. Wakati huo nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Chuo chetu kilikuwa na kisima kilichochimbwa na wanachuo wenyewe katika kazi za kujitegemea, na maji yake yalikuwa meupe na matamu. Bwana afya alikuja akachota chupa moja, akaiweka katika sanduku la barafu, akaondoka nayo.

Kinachofanyika huko maabara ni rahisi kukieleza. Maji hutiwa katika mirija yenye mchuzi wa sukari ya maziwa, na ndani ya kila mrija huwekwa kichupa kidogo kilichopinduliwa. Mirija huwekwa kwenye joto la nyuzi 44 hivi. Vijidudu vya kinyesi vikiwamo, hula sukari ile na kutoa hewa, na hewa hiyo hukusanyika ndani ya kichupa. Vijidudu hivyo si lazima viwe vya kipindupindu. Vinasema jambo moja tu: kinyesi kimepata njia ya kuingia katika maji haya. Njia iko wazi. Kilichobaki ni mpitaji.

Majibu ya kisima chetu yalikuja mabaya, kisima kikafungwa. Wanachuo wakawa wanateka maji mbali na kuyachemsha kwa kuni za kutafuta. Mama mmoja aliyekuwa akiuza uji na maandazi langoni, naye akiteka maji kisimani hapo, akazuiwa biashara yake. Alikuja ofisini, akasimama mbele ya meza yangu, akasema: "Shikamoo, Mkuu. Mmenifungia riziki yangu kwa ajili ya ugonjwa. Haya, ugonjwa wenyewe uko wapi?"

Nilimweleza habari ya vijidudu. Alinisikiliza kwa heshima, lakini swali lake lilibaki palepale. Kipindupindu hakikuingia chuoni mwaka ule. Je, kilizuiwa, au hakikuwa na safari ya kuja kwetu? Hakuna ajuaye, wala hatatokea wa kujua.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwokoaji ana ushahidi mkononi: mtoto mwenyewe analia, nguo zimelowa. Mzuiaji hana ushahidi. Kazi yake ikifanikiwa, huufuta ushahidi wake wenyewe. Ikishindwa, ndipo watu huiona. Kwa sababu hiyo, fedha zinapokuwa haba, wa kwanza kupunguziwa huwa ni yeye. Watu husema: "Mbona ugonjwa haupo? Hawa wanafanya nini?" Ni sawa na kumwachisha kazi mlinzi kwa sababu mwaka mzima hakikuibwa kitu.

Wako wanaoshikilia kwamba wema hupimwa kwa matokeo yake. Mimi naona kipimo hicho hakitoshi. Mtu hutenda kwa yale anayoyajua saa ile anayotenda, wala hawezi kutenda kwa yale yatakayojulikana kesho. Aliyefunika kisima alijua kwamba watoto hucheza pale na kwamba ukingo ulikuwa unateleza. Alijua vya kutosha. Wema wake ulikamilika siku ile alipopigilia msumari wa mwisho, hata kama hakuna mtoto ambaye angewahi kuteleza.

Lakini lipo pingamizi zito, na si haki kulipita kimyakimya. Kama tunamsifu mtu kwa jambo lisilotokea, basi na yule anayefunga hirizi kwenye mti wa kijiji naye atadai sifa. "Nimefunga hirizi," atasema, "na mwaka huu simba hawakuja." Tutamjibu nini? Yeye na mtaalamu wa maabara wote wanaonyesha kitu kilekile, yaani utupu.

Jibu langu ni kwamba wanatofautiana katika namna wanavyokubali kukosolewa. Mwenye hirizi hana namna ya kushindwa. Simba wasipokuja, ni hirizi. Wakija, kuna aliyevunja mwiko. Mtaalamu wa maabara hujiweka mahali anapoweza kushindwa. Sampuli ileile hupelekwa maabara nyingine, na majibu yakipingana hulazimika kujieleza. Pembeni ya mrija wa maji ya kisima huweka mrija wa maji anayojua kuwa ni safi, na huo nao ukitoa hewa, kazi yake yote ya siku hiyo haifai. Kwa hiyo haki yake ya kutuamuru tufunge kisima inasimama juu ya ukweli. Ukweli ukiondoka, amri yake haina tofauti na ya mwenye hirizi.

Ndiyo maana naona neno gumu kuliko yote katika maabara ni "hakuna". Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu mkoani Kagera ulikuwa Marburg. Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii ndiyo iliyouthibitisha. Wagonjwa waliohesabiwa ni 9, nao 6 walifariki, akiwemo mhudumu wa afya. Watu zaidi ya 200 waliokuwa karibu na wagonjwa walifuatiliwa kila siku kwa siku 21, na tarehe 2 Juni ikatangazwa kuwa mlipuko umekwisha, baada ya siku 42 kupita bila mgonjwa mpya. Januari 2025 ugonjwa ulirudi mkoani humo humo. Katikati ya mwezi ilielezwa kwamba sampuli zilizopimwa hazikuwa na virusi hivyo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika kuwa navyo. Mlipuko huo ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, waliohesabiwa walikuwa 10, na wote walikuwa wamefariki.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba "hatukuona" si sawa na "haipo". Mwalimu yeyote analijua hilo: mwanafunzi kutojibu swali si ushahidi kwamba hajui. Maabara yenye adabu husema imepima nini, kiasi gani, lini, na kipi hakijapimwa. Nayo ikiona kipya, hutangaza, hata kama jana ilisema vingine. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nao hawakumsema mgonjwa peke yake.

Aidha, ukweli bila huruma nao una hatari yake. Robert Koch, Mjerumani aliyegundua vimelea vya kifua kikuu mwaka 1882, alifika pande zetu zaidi ya mara moja. Mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Ssese vya Ziwa Viktoria, upande wa Uganda, aliwatibu mamia ya wagonjwa wa malale kwa dawa iitwayo atoxyl, yenye sumu ya aseniki. Alipoongeza kipimo, baadhi yao walipofuka. Kuwakinga wengi ni jambo jema, lakini hao walioikosa nuru ya macho walikuwa watu, si mirija.

Hapa namrudia kidogo yule mama wa uji. Alikosea kudhani kwamba ugonjwa usioonekana haupo. Lakini nyuma ya swali lake lilikuwapo jingine ambalo ni la haki kabisa: kwa nini gharama ya usalama wetu sote ilipwe na mimi peke yangu? Mtu aliyefungiwa ndani siku 21, kisha akaonekana mzima, ametupa siku 21 za maisha yake. Muuza samaki aliyefungiwa soko ametupa mtaji wake. Mara nyingi tunampa amri na karatasi yenye muhuri, basi. Mlipuko usipotokea, tunamwona kama mtu aliyesumbuliwa bure, wakati kwa kweli yeye ni mmoja wa waliouzuia.

Hata hao wa maabara nao hulipa. Jina la Marburg ni la mji wa Ujerumani ambako mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliugua ghafla baada ya kushughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda kwa ajili ya kutengeneza chanjo ya polio. Huko, Frankfurt na Belgrade waliugua watu 31, wakafariki 7. Walikuwa wakifunika kisima cha wengine, wakatumbukia wao.

Sasa nijibu swali langu. Simpunguzii sifa aliyejitosa kisimani. Mbuzi wake ni halali yake. Lakini naamini deni letu kwa aliyefunika ni kubwa zaidi, kwa sababu moja: yule wa kwanza tumekwisha kumlipa. Huyu wa pili hatutampa sherehe, kwani hatujui tuifanye siku gani. Tunachoweza kumpa ni mshahara wake kwa wakati, vifaa visivyokatika katikati ya mwaka, uhuru wa kutuambia tusiyopenda kuyasikia, na kifuta jasho kwa wale tunaowafungia riziki ili sisi tulale salama. Jamii inayongoja mpaka imsikie mtoto akilia ndipo itafute mbao, haina haki ya kujiita yenye huruma.