Mgeni na Ukuta Wake

Jina Hakka maana yake ni "jamaa za wageni". Wazee wao walitoka kaskazini ya China, wakashuka kusini kidogo kidogo kwa karne nyingi, na walipofika walikuta mabonde mazuri yamekwisha kukaliwa. Wakabaki na milima. Huko Fujian, upande wa Yongding, walijenga zile nyumba kubwa za udongo zinazoitwa tulou. Nyumba hizo zinanipa swali, ndugu msomaji: undugu unaolindwa na ukuta ni undugu kweli, ao ni woga tu?

Tutazame nyumba moja, Chengqilou, ya ukoo wa Jiang, iliyomalizika mwaka 1709. Iko na duara nne, moja ndani ya ingine, na katikati kabisa ni mahali pa kuheshimu mababu. Duara ya nje iko na gorofa nne. Chini wanapika, juu yake wanaweka mpunga, ya tatu na ya nne wanalala. Kila jamaa inapata sehemu yake tangu chini mpaka juu. Ukuta wa nje ni udongo uliotwangwa, na fito za mianzi ndani yake; chini unene wake unapita metre moja, tena hauna dirisha. Adui akikuja, wanafunga milango, na ndani kuna visima na chakula.

Mwanafunzi wangu mmoja alijibu haraka: "Mwalimu, ni woga." Ana haki nusu. Majambazi walikuwako, ugomvi wa mashamba pia. Lakini woga unaeleza ukuta, hauelezi vyumba. Kambi ya askari nayo iko na woga, na bado mkubwa anapewa nyumba kubwa. Ndani ya duara, vyumba vinalingana. Mwenye mali na maskini wanalala katika upana mmoja. Hakuna jambazi aliyewalazimisha hivyo. Walichagua.

Hapo ningefurahi, lakini kuna neno linanisumbua. Sawa, akina nani? Vyumba viligawanywa kwa watoto wanaume. Binti aliolewa akatoka. Bibi aliyeletwa alikuja na jina la ukoo mwingine, mgeni ndani ya nyumba ya wageni, na ni yeye alipika pale chini. Usawa ule ulihesabu jamaa, haukuhesabu watu. (Na kwetu hesabu hiyo haijakwisha.)

Leo majambazi hawako. Mwaka 2008 UNESCO iliandika nyumba 46 za Fujian katika urithi wa dunia, na watalii wanalipa ili wapite mlango uliojengwa kuzuia watu. Vijana wengi wamehamia mijini, ao kwenye nyumba za beto kando. Kama ni woga tu uliowaunganisha, mambo yangeishia hapo. Lakini mwaka mpya wa Kichina ukifika, wengi wanarudi, hata kutoka mbali, wanawasha ubani mbele ya mababu. Binti walioolewa, kwa desturi, hawafiki siku ya kwanza. Wanakuja kisha, pamoja na bwana zao, na zawadi mkononi, na wanapokelewa sawa wageni.