Je, Wito Unatosha Kumlisha Muuguzi?



Sisi tuliotoka Bujumbura tunaukumbuka mwaka 2006. Mwezi wa Mei serikali ilitangaza kwamba akina mama watazaa bure hospitalini, na watoto wa chini ya miaka 5 watatibiwa bure. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Wodi zikajaa. Lakini wachache kati yetu walijiuliza: usiku ule muuguzi alipokuwa akipokea watoto wetu, wa kwake alibaki na nani?

Dada yetu mmoja hapa kanisani alikuwa muuguzi wa A2 kule mjini. Anasema kilichomfikisha kwenye diploma si akili peke yake. Mama mkwe wake, mzee wa Buyenzi, alilala na mtoto kila zamu ya usiku. Mume wake naye alikataa kuwasikiliza majirani waliosema kwamba mwanamke anayerudi alfajiri ana mambo yake. Watu wawili tu. Wenzake watatu, waliompita kwa alama, waliacha masomo kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa na watu wa namna hiyo.

Sasa yuko nasi hapa Uganda, analima maharage ya watu kwa kibarua. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, ashukuriwe Mungu, lakini muuguzi lazima asajiliwe na Baraza la Wauguzi na Wakunga, na karatasi zake ni za Kifaransa. Kutafsiri ni pesa. Kujifunza Kiingereza ni muda, na muda wake tunauchukua sisi wenyewe. Mtoto akipata homa saa nane za usiku tunamgongea mlango. Akishamaliza tunamwambia, "Mungu atakulipa, mama, huo ni wito wako."

Je, ni haki? Wengine wanasema huruma ikidai malipo si huruma tena. Tumelifikiri jambo hili na hatukubali. Katika kitabu cha Kutoka, wakunga Shifra na Pua wametajwa kwa majina, lakini Farao mwenyewe hakutajwa jina. Tena Mungu hakuwaachia sifa tu, aliwajalia jamaa zao. Hata Florence Nightingale, aliyeamini kwamba Mungu ndiye aliyemwita, tangu 1853 alipewa na baba yake pauni 500 kila mwaka, fedha nyingi sana siku zile. Na alipoanzisha shule yake London mwaka 1860, wasichana walipewa malazi, chakula na sare. Alijua wito haununui sabuni.

Basi tunapomsifu dada yetu na kumwacha shambani, tunamwibia kwa maneno mazuri. Tuseme hivyo wazi, maana nasi tuliobeba kalamu hii tumemgongea mlango.

Wazee wamekubali sadaka ya Jumapili ya mwisho wa mwezi iende kwenye kutafsiri diploma yake. Ndugu wawili walisema sare za kwaya zitangulie; tumewasikia, zitasubiri. Mwalimu mmoja atamfundisha Kiingereza jioni mara mbili kwa wiki. Bado tunatafuta nyumba iliyo jirani naye, ambapo mtoto wake mdogo atakaa jioni hizo. Aliye tayari amwone mama mchungaji baada ya ibada.