Mtu na Daftari

Je, msomaji, asiyeandikwa daftarini si mtu? Programu ya kompyuta hupokea maelezo mawili mawili, jina la jambo na jibu lake, ikatia kila jibu katika nafasi iliyoandaliwa: umri penye umri, kabila penye kabila. Jibu lisilo na nafasi mara nyingi hutupwa kimya kimya. Na kosa si la jibu, bali la aliyepanga nafasi. Ndivyo yalivyowafika Wapemba wa Kilifi. Walivua pwani hii miaka mingi, wengi wao bila vitambulisho, hata serikali ya Kenya ilipowatambua kuwa raia mwaka 2023. Je, walianza kuwa watu hapo? Hasha! Basi ukija kupanga daftari, watazame watu kwanza, ndipo upige mistari.