Mguu wa Kocha

Jumamosi iliyopita nilishuka kwa miguu kutoka huku kwetu Kiriri kwenda mjini. Njiani nikasimama penye kiwanja cha vumbi ambapo vijana walikuwa wakifanya mazoezi. Kocha wao ni mtu mzima, kitambi kimeanza kumtangulia, filimbi inaning'inia shingoni. Winga akamwaga krosi, mtoto aliyekuwa mbele ya goli akachelewa. Hapo nikaona mguu wa kulia wa yule kocha umeinuka wenyewe na kupiga hewa. Akaushusha taratibu, kama mtu aliyefumaniwa, kisha akampigia mtoto makofi: "Tena, mwanangu!"

Mguu ule haujanitoka akilini wiki nzima.

Umenikumbusha Abdallah Kibadeni, yule waliyemwita King. Wapenzi wa ligi ya Tanzania, na katika Buyenzi na Bwiza hamkosekani, mnalijua jina hilo. Julai 19, 1977 Simba waliifunga Yanga mabao 6-0, na matatu yalikuwa yake. Karibu nusu karne imepita, lakini siku ya watani ikikaribia bado wanamtaja.

Mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa kocha wa Simba mwaka 1993 walipofika fainali ya Kombe la CAF. Abidjan walitoka 0-0 na Stella ya hukohuko. Marudiano yalikuwa nyumbani, Dar es Salaam, kombe liko hatua moja tu. Wakafungwa 2-0, mabao yote ya Boli Zozo. Sisi Warundi uchungu huo tulikwisha kuuonja: mwaka mmoja kabla, Vital'O yetu ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ikazidiwa na Africa Sports, nao ni wa Abidjan. Ila Novemba ile ya 1993, ni wangapi hapa Bujumbura waliokuwa na moyo wa kufuatilia mpira? Rais Ndadaye alikuwa ameuawa mwezi uliotangulia. Redio tuliisogelea kwa mambo mengine.

Namfikiria Kibadeni jioni ile ya marudiano. Goli alikuwa akilijua kwa miguu yake mwenyewe. Angeweza kupaza sauti, angeweza kumtoa huyu na kumwingiza yule, lakini kuvuka mstari na kupiga hakuruhusiwa. Naamini huo ndio mzigo mzito kuliko yote anaoubeba mchezaji aliyegeuka kocha: kile unachokijua sasa kitatendwa na mwili wa mtu mwingine, au hakitatendwa kabisa.

Fungueni Matendo ya Mitume mumtazame Barnaba. Sauli alipofika Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa. Barnaba akamshika mkono akampeleka kwa mitume. Baadaye akafunga safari hadi Tarso kumtafuta, akamleta Antiokia. Wakati huo Luka anaandika "Barnaba na Sauli". Someni sura ya kumi na tatu polepole, kwa kidole. Kabla sura haijaisha, majina yamegeuka: sasa ni Paulo na Barnaba. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Barnaba alinung'unika. Mimi ningenung'unika, na nasema hivyo mbele zenu kwa sababu nimewahi kusimama kanisani nikisikiliza kijana niliyemfundisha akihubiri vizuri kuliko mimi, na kilichonijia kwanza moyoni hakikuwa furaha. Nililazimika kuiomba.

Nawasihi mlio viongozi wa kwaya, wazee wa baraza, mama zangu mnaowafundisha mabinti kazi: mguu utainuka. Hilo si dhambi. Umeinuka kwa sababu mliupenda mchezo. Ushusheni, kisha mpigieni mtoto makofi.

Mwaka 2013 Simba walimrudisha Kibadeni, na kabla mwaka haujaisha wakamwondoa. Mtu mwenye mabao matatu dhidi ya Yanga, akaondolewa kama kocha mwingine yeyote. Lakini jina lake lina kazi nyingine pia, ya kituo cha kufundisha soka vijana ambao hakuna gazeti linalowaandika bado. Hapo nami namwona Barnaba katika sura ya kumi na tano. Yohana Marko alikuwa amewaacha njiani, na Paulo hakumtaka tena. Barnaba akamchukua yeye, kijana aliyekwisha kushindwa mara moja, wakapanda merikebu kwenda Kipro. Miaka ikapita, Paulo akiwa kifungoni akamwandikia Timotheo amletee Marko, kwa kuwa anamfaa.

Jioni nilipokuwa nikipanda kurudi Kiriri, ziwa lilikuwa limeanza kuwa jeusi na milima ya Kongo haionekani. Mazoezi hayajaisha. Filimbi ikalia, winga akajiandaa tena, na yule mtoto aliyechelewa alikuwa amesogea hatua mbili mbele, anausubiri mpira.