Mgeni Katika Timu

Katika vyuo vyetu timu ya mpira wa vikapu huvunjika na kuundwa upya kila mwaka. Waliomaliza masomo huenda zao, na mahali pao huingia vijana wasiojua desturi za timu wala majina ya wenzao. Timu ya kampuni au ya jeshi yaweza kukaa na wachezaji wale wale kwa miaka mingi. Timu ya chuo haiwezi, maana shahada inayomfurahisha mzazi ndiyo inayomnyang'anya kocha mchezaji. Basi lipo swali ambalo halina budi kuulizwa kila mwaka: wenyeji wa timu wana deni gani kwa mgeni, na mgeni ana deni gani kwao?

Watu wengi hudhani kuwa dawa ni urafiki. Husema vijana wale pamoja, wacheke pamoja, watembee pamoja, na umoja utakuja wenyewe. Sipingi kula pamoja, lakini naona kuwa wamelitanguliza la nyuma. Utazame mtaa wa Tassia, huko Embakasi, mashariki ya Nairobi. Ni mtaa wa majumba ya ghorofa yaliyosongamana, na wakaaji wake wengi ni wapangaji waliotoka pande zote za nchi. Kila mwisho wa mwezi utaona vitanda na masufuria juu ya mikokoteni, huyu akihama na yule akihamia. Ni wachache wawezao kusema kuwa mahali pale ni pa babu zao. Hata hivyo, maji yakikatika, watu wasiojuana hupanga zamu ya mitungi; na ngazi hufagiwa na mtu. Hawakuanza kwa kupendana. Walianza kwa kugawana kazi, na mapenzi, kama yakija, huja nyuma ya kazi.

Uwanjani mambo ni hayo hayo, ila muda ni mfupi zaidi. Wachezaji ni watano kila upande, na timu iliyoshika mpira ina sekunde 24 tu za kutupa kikapuni. Fikiri juu ya mlinzi anayemwacha mtu wake ili amzuie mshambuliaji mwingine aliyepenya. Nyuma yake ameacha pengo. Mwenzake asipolijaza, kikapu kitafungwa, na watazamaji watamlaumu yeye aliyesaidia, kwa kuwa mfungaji ni yule aliyepaswa kumlinda. Kwa hiyo kusaidia ni kujitia hatarini kwa kumtumaini mtu mwingine. Mgeni, ambaye hajajua kama wenzake watamfunika, hubaki na mtu wake tu. Na wenyeji, kwa kutojua hofu yake, humwita mchoyo. Nadhani ugomvi mwingi wa timu huzaliwa hapo, wala hautibiwi kwa karamu. Hutibiwa kwa zoezi lile lile kurudiwa jioni baada ya jioni, mpaka mgeni aache pengo mara mia na kulikuta limejazwa.

Wapo watakaosema kuwa mambo hayo yanahitaji miaka. Mwezi wa Februari 2021 timu ya taifa ya Kenya ilikwenda Yaoundé, nchini Kameruni. Ilikuwa na wachezaji wa ligi ya nyumbani pamoja na wengine waliokuwa wakicheza ng'ambo, na kocha wao, Liz Mills wa Australia, alikuwa amewashika kwa muda mfupi tu. Waliishinda Angola, iliyokuwa wakati huo imetwaa ubingwa wa Afrika mara 11, kwa pointi 74 kwa 73, kikapu cha mwisho kikitiwa na Tylor Ongwae wakati saa inakwisha. Mwaka huo Kenya ilirudi katika mashindano ya Afrika, yaliyochezwa Kigali, baada ya kukosekana kwa miaka 28. Jirani zetu wa Sudan Kusini walifanya makubwa zaidi. Wachezaji wao wengi walilelewa mbali na kwao, wengine Australia, wengine Marekani. Lakini Julai 2024 walishindwa na Marekani kwa pointi moja tu, 101 kwa 100, katika mchezo wa kujipima nguvu mjini London, kisha wakaishinda Puerto Rico 90 kwa 79 katika Olimpiki ya Paris.

Sasa nije kwenye jambo gumu. Mgeni akiwa hodari, yupo mwenyeji atakayepoteza nafasi yake: kijana aliyevumilia miaka miwili katika jua na vumbi. Je, amedhulumiwa? Kwa maoni yangu, nafasi uwanjani si mshahara wa subira. Ni ya yule aifaaye timu siku ile. Lakini mwenyeji huyo ana haki ya kuambiwa kweli uso kwa uso. Kocha anayemwacha aisome habari hiyo katika orodha iliyobandikwa ukutani amemvunjia heshima, hata kama orodha ni sahihi.

Mgeni naye asitwishwe madhila. Iko desturi ya kumfanya mchezaji mpya mtumwa wa mizigo na dhihaka, na watetezi wake hutaja methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. (Methali hii huonewa sana, hutumika kama fimbo.) Jembe ni chombo kile kile alichoshika mwenyeji. Anayepewa jembe amepewa sehemu ya shamba. Kubeba mipira ni kazi njema ikiwa nahodha naye huibeba.

Linabaki swali la mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Anajua kwamba timu itakapokomaa yeye atakuwa amekwisha kuondoka, kama mpangaji anayefagia ngazi za jumba atakalolihama mwezi ujao. Kwa nini basi apoteze jioni zake kumfundisha kijana atakayerithi nafasi yake? Hapati kombe wala sifa, na huenda kijana mwenyewe asimshukuru. Nikiulizwa atalipwa nini, sina jibu, ila kwamba naye siku alipofika, alimkuta mtu aliyemshika bega akamwonyesha mahali pa kusimama.